Ondoa Ukimya

...kumi na mbili, bado kumi na mbili, asilimia kumi na mbili jamani, hivi hii mashine inapunguza video au inasaga mawe, kile kimstari cha kijani kimeganda pale pale alipokiacha, na saa ya ukutani inasema saa nane na dakika ishirini, na dada yake kaandika kwamba simu ataikabidhi kwa nesi saa tisa kasoro dakika kumi, hapo anasukumwa kwenda chumba cha upasuaji na baada ya hapo hakuna cha simu wala cha video, kwa hiyo imebaki nusu saa, nusu saa tu kwa mtu aliyeharibu asubuhi nzima, na nyuma yake, kwenye benchi la wateja, mama yake amekaa na mkoba mapajani, ametulia tuli, anangoja, kwa sababu yeye anajua video imeshafika zamani... imefika wapi, imefika nini, kilichofika ni takataka, na aliyetuma takataka ni yeye huyu huyu, fundi wa video, miaka tisa kwenye kiti hiki, fundi anayeaminiwa na maharusi na wahadhiri, kamtumia dada yake wa tumbo moja takataka siku ya kupasuliwa, halafu mama alipomgusa bega akauliza kwa mikono, imefika, amesemaje, akamjibu kwa dole gumba na tabasamu la meno yote, imefika, amefurahi. Mtu mzima mwenye ndevu, anamdanganya mama yake kwa kidole.

Simu ameilaza kifudifudi kando ya kibodi ili asiuone ule ujumbe, lakini ujumbe ameshaukariri, hauna haja ya kuonekana, wewe, hiki ulichonitumia ni nini, nimekaa kitandani na hizi nguo zao za kufungwa mgongoni, nimekodoa macho, naona kiti, naona mama anaanza kuinua mkono, paa, imekatika, naona ukuta, nakusikia unakohoa, pikipiki inapita, imekwisha, sekunde thelathini na nane, mdogo wangu, mama amesema nini... na chini yake, baada ya dakika moja, ujumbe wa pili, mfupi, usinifanyie hivi leo, nimechoka, na huo wa pili ndio uliomkaa kooni, maana dada yake si mtu wa kuchoka, dada yake amekuwa mdomo wa mama tangu ana miaka saba, benki yeye, kliniki yeye, kwa mwenye nyumba yeye, mpaka kikao cha wazazi shuleni alisimama katikati ya mama na mwalimu mkuu akatafsiri malalamiko yanayomhusu yeye mwenyewe bila kupunguza neno, na huyo ndiye leo anaandika nimechoka, na uvimbe tumboni, peke yake, kwenye mji wa mbali ambao mama na mwanawe huyu hawajawahi kuukanyaga... na mtandao wa hospitali yao wa kubahatisha, jana walijaribu kuonana moja kwa moja kwenye simu, mikono ya mama ikaganda hewani, ikaruka, ikaganda tena, dada akalia, mama akalia, na yeye kazi yake ikawa kushika simu isianguke, ndipo likamjia wazo, wazo lake mwenyewe, turekodi, mama aseme yote kwa utulivu, mimi nitaipunguza ukubwa, itapita hata kwenye mtandao mbovu, ataitazama kabla hajaingia, na dada akasema haya, nakutegemea, na yeye akajiona mwana mwenye faida kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Faida gani hiyo, ya Rabi.

Asubuhi alifungua studio kabla ya bosi hajafika, akamkalisha mama mbele ya ukuta wa kijivu, akawasha taa mbili, akasimamisha kamera kubwa ya harusi kana kwamba wanaoza mtu, na halafu, hapa ndipo anapotaka ardhi ipasuke immeze, akachukua kile kipaza sauti kidogo cha kubana akambana mama kwenye kola ya blauzi, mkono ulifanya wenyewe, kila anayekaa kwenye kile kiti hubanwa kipaza sauti, mama akakiinamia, akakitazama, akauliza nini hiki, naye akaonyesha sikio lake, sauti, na mama akacheka, akacheka kwa ile sauti yake nzito ambayo mwenyewe hajawahi kuisikia, mpaka machozi, mwana wa kiziwi anamfunga kiziwi kipaza sauti, wakacheka wote wawili, lakini hakukitoa. Dakika kumi na moja mama aliongea. Yeye nyuma ya kamera aliangalia mwanga, akaangalia kama kichwa hakijakatwa na ukingo wa picha, akajibu wateja wawili kwenye simu, kila kitu aliangalia isipokuwa mikono, kwa sababu ukiitazama mikono inabidi ukiri kwamba huielewi, na faili likatoka gigabaiti nne, na mtandao wa kule haupitishi zaidi ya megabaiti ishirini, basi kazi ni kazi, akakaa kwenye kiti, vidole vikashika njia vinayoijua, ondoa ukimya, punguza ukubwa, tuma, mambo matatu anayoyafanya kutwa kucha kwa ajili ya yule mhadhiri wa semina za mafanikio ambaye kati ya neno lake na neno lake unaweza kwenda kunywa chai ukarudi, bosi mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kijana wangu, watu hawalipi kumtazama mtu akimeza mate, palipo kimya kata, na programu ina kitufe chake kabisa, kimeandikwa Ondoa Ukimya, unabonyeza mara moja, inalisikiliza faili lote mwanzo hadi mwisho, pale isiposikia kitu inakata, inatupa, inaunga yaliyobaki... mazoea yana tabu, wallahi, wahenga walisema simba mwenda kimya ndiye mla nyama, lakini programu hii ingemtupa simba ikakuletea debe tupu, na ndivyo ilivyofanya, ilimsikiliza mama yake dakika kumi na moja haikusikia kitu, ikamtupa, ikabakiza sauti yake yeye ikisema tayari mama, anza, anamwambia nani sasa, ikabakiza kiti kikikwaruza sakafu, kikohozi, pikipiki, mlango, na vijipande vya robo sekunde pale viganja vya mama vilipogongana katikati ya maneno, pa, pa, na faili likatoka megabaiti mbili, mbili!, na yeye akafurahi, hili hatamwambia mtu mpaka anaingia kaburini, alifurahi, akasema moyoni lo, leo imepungua vizuri, wala hakuifungua kuitazama, akatuma, akajinyoosha mgongo.

Kumi na tano. Afadhali, kimesogea. Bosi kasimama mlangoni na funguo mkononi, sauti yake inaingia kabla ya maana yake, ...ya Jumamosi inangoja mashine, baba wa bibi harusi kapiga simu mara tatu, hiyo ya mama bado tu, si ulisema umeshaituma, na yeye anajibu bila kugeuka, narudia kidogo bosi, ilikuwa na kasoro, kasoro gani, na mdomo wake unasema kasoro ya sauti, hebu msikie, kasoro ya sauti, kama si haya angecheka, na bosi anasema aa, sauti ni jambo la kwanza kijana wangu nimekwambia siku zote, kisha anamgeukia mama kwenye benchi, anavuta pumzi, anapiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya mto, SHIKAMOO MAMA, POLE NA MGONJWA, na mama anaitikia kwa kichwa na tabasamu la adabu, lile la kuwapa watu wanaopiga kelele, amelitoa miaka sitini na tatu tabasamu hilo, halimwishii, na bosi anaondoka ameridhika kwamba amesikika... na hii ya sasa angalau ameifanya kwa akili, alipoupata ujumbe wa dada, alifungua faili la asili akakaa analitazama kama mwanafunzi, akajiuliza kitu ambacho mtoto angejiuliza kwanza, kwa mama kipi ni uzito na kipi ni neno, akapunguza upana akabakiza kuanzia kichwa hadi kiuno, ukuta wote wa pembeni nje, idadi ya picha katika kila sekunde hakuigusa, maana ukiipunguza vidole vinageuka moshi, na mwisho kabisa akashika ule mstari wa sauti, sauti aliyoiwekea kipaza sauti na taa na adabu zote, akaufuta wote, ukaenda, na hesabu ya megabaiti ikashuka chini ya ishirini hapo hapo, sauti ndiyo iliyokuwa ya kutupa. Miaka tisa kazini hajawahi kutupa sauti.

Lakini kwa nini hakujua, hilo ndilo linalomtafuna, mtu mwingine angesamehewa, fundi wa mtaa wa pili angesamehewa, yeye amezaliwa na mikono hiyo, neno lake la kwanza duniani halikuwa sauti, dada hupenda kumsimulia, ulikuwa huna hata jino ukaomba maziwa kwa ngumi, unafumba unafumbua... mpaka darasa la nne, mama alipomletea sweta aliyoisahau, akasimama kwenye geti la shule akamwita, kwa ile sauti, ile isiyo na herufi, na uwanja mzima ukageuka, mama yako anasema nini, na yeye, shetani gani alimkalia ulimini, akasema mama yangu ni mgeni, katoka nchi ya mbali, hajui lugha yetu, watoto wakashangaa, lugha gani, tufundishe basi, akawafundisha!, akaibuni pale pale, salamu ni halumbe, unajibiwa tirando, muhula mzima akawa mwalimu wa lugha isiyokuwepo, akawa mtu mkubwa, wakubwa wa darasa la saba walimgawia karanga ili awaambie matusi, mpaka siku ya kikao cha wazazi, wenzake wanane wakajipanga mbele ya mama yake, nguo safi, mikono nyuma, wakasema kwa pamoja, halumbe mama, na mama, ambaye husoma midomo, akaisoma ile midomo minane, akarudia kuisoma, hakupata neno, akamgeukia yeye mwanawe amsaidie, nini wanasema, na yeye akaingiza mikono mifukoni. Hiyo tu. Aliingiza mikono mifukoni akatazama viatu, na dada yake aliyekuwa kando aliona yote, na jioni nyumbani alimtafsiria mama yote bila kupunguza neno, halumbe na tirando na nchi ya mbali, yeye kajikunja kwenye kona anangoja kipigo, na kipigo hakikuja, laiti kingekuja kingeisha, mama alimtazama muda mrefu, akaenda kulala, na kesho yake asubuhi kwenye meza palikuwa na kipande cha karatasi, kimeandikwa kwa zile herufi zake zilizosimama wima, chai ipo kwenye chupa. Mama alikuwa mshona vitabu kiwanda cha uchapaji, vipande vya karatasi vilivyokatwa pembeni huja navyo nyumbani mfuko mzima, basi tangu siku hiyo ndivyo alivyoongea naye, vaa koti mvua inakuja, umechelewa, ada nimelipa, barabarani hakumwinulia tena mkono mbele za watu, alimpa alichotaka, na mtoto akashukuru, mjinga yule akashukuru, na mwaka ukaenda na mwaka, na ishara zikamtoka moja moja, hakujua zinatoka, hakuna anayesikia jambo hilo likitoka... na sasa amerudi kukaa kwa mama tangu dada alipohamia huko, mtu na mama yake nyumba moja, jioni anakula na hedifoni masikioni anasahihisha harusi za watu, mama anakula upande wa pili wa meza, wakimaliza mama anaosha vyombo, yeye anasema asante, kwa mdomo, ameinamisha kichwa, kwa hiyo hata hiyo asante haisomeki.

Ishirini na moja. Na kwenye kona ya skrini kile kidirisha kidogo kinachoonyesha programu ilipofika, siku zote hakitazami, nani ana muda, lakini leo hana pengine pa kuweka macho, hawezi kutazama saa, hawezi kutazama simu, nyuma ndiyo kabisa, basi anatazama pale, na mashine ni kuukuu, inasukuma video nusu ya mwendo wake, kwa hiyo mama mle ndani anaongea polepole, mikono inapanda polepole kama ya mtu anayemfundisha mtoto mchanga, na yeye anaona mama anavuta msuko wa hewani kando ya shingo, hilo ni jina la dada, hilo hakulisahau, viziwi hawaiti kwa herufi, wanakupa jina la mkono, la dada ni msuko, la kwake ni kidole kwenye mwanya wa meno ya mbele, Mwanya... usiogope, anasema mama, ngoja, hilo amelielewa, usiogope, viganja viwili vinashuka kifuani, kama alivyomfanyia usiku wa radi, na sasa, huyo, kidole kwenye meno, jina lake, mama anamtaja, anamwambia dada habari zake yeye, na moyo unamwenda mbio kama kesi inasomwa, sasa atasemwa, sasa mama atamwambia dada yote, ana haki, Mwanya, yupo hapa, hilo pia kaelewa, mkono unashuka mbele ya uso, jioni, ngumi inapita shavuni, kila siku, kila siku jioni, halafu vidole viwili vinakwenda na kurudi mdomoni... tunaongea. Ala. Hapana, amekosea kusoma, miaka ishirini na zaidi hajasoma, lazima amekosea, lakini mikono ni polepole mno kumwacha akosee, kila siku jioni tunaongea, tunaongea sana, na vidole vinavuta pembe za mdomo, ananichekesha, mpaka nalia, anajua ishara sasa, anajua vizuri, na msuko tena, dada, lala huko, lala vizuri, usiwaze nani atakuwa mdomo wangu, kidole kwenye mwanya, kifua, yupo.

Tunaongea. Mama yake mzazi, mtu asiyewahi kuondoka dukani na chenji iliyozidi hata shilingi, amekaa mbele ya taa mbili na kipaza sauti kolani akamdanganya binti yake ili apasuliwe kwa amani, na uongo aliouchagua ni yeye, alitafuta kitu cha kumtuliza mgonjwa akaona hakuna kizuri kuliko hiki, kwamba Mwanya ananichekesha jioni... na mbona kaelewa yote, hilo ndilo linalomjia sasa polepole na baridi yake, mbona hakupitwa na neno hata moja mtu asiyeelewa kitu, kaelewa kwa sababu yote ni maneno ya kitoto, usiogope, jioni, cheka, lala, mama ana maneno makubwa, akikutana na viziwi wenzake pale kiwandani mikono ilikuwa haionekani kwa kasi, wanabishana siasa, wanasengenya, lakini hapa kachukua yale machache tu aliyomwachia mwanawe, yale ya kabla ya darasa la nne, dada hahitaji maneno mepesi, dada anajua yote, basi alikuwa akimwambia nani... na hapo anayaona macho. Katika kile kidirisha kidogo kama sanduku la kiberiti anaona macho ya mama yanaiacha kamera, yanapanda juu kidogo, yanakaa hapo, yanarudi kwenye kamera, baada ya jioni yanapanda, baada ya ananichekesha yanapanda yanakaa, yanamtafuta aliyesimama nyuma ya kamera aone kama amesikia, na aliyesimama nyuma ya kamera alikuwa ameinamia simu anamwandikia mteja kwamba albamu itakuwa tayari Jumanne. Jamani. Miaka yote hii amebeba aibu kwamba mama hasikii, halafu akabeba aibu ya pili ya kuwahi kuona ile ya kwanza, akadhani ndio mwisho wa aibu, kumbe kiziwi mle chumbani asubuhi ile hakuwa yule aliyekaa kwenye kiti.

Thelathini na tatu, saa nane na dakika ishirini na saba, hakuna kilichobadilika, kimstari ni kile kile, kikienda hivi kitawahi, huenda kitawahi, kisipokwama, na dada kule kitandani anatazama simu iliyonyamaza, na hapa hakuna cha kubonyeza tena kitakachoisukuma mashine, lakini kitu kimoja anaweza kukifanya kabla video haijafika, ili dada akiifungua, neno tunaongea lisiwe uongo mtupu, liwe angalau limeanza, liwe na dakika kumi za ukweli ndani yake, na moyo unamwambia subiri, itume kwanza, ikifika salama mama hatajua kamwe kwamba ya kwanza ilikuwa takataka, kwa nini umuumize bure, na anaijua hiyo sauti, ndiyo ile ile ya mifukoni... anazungusha kiti. Kinapiga kelele, mama hasikii, lakini anaona, anainua uso kutoka kwenye mkoba, anatabasamu, nyusi zinauliza, amesema nini tena? Na yeye anaweka mikono hewani mbele ya kifua, mizito, mikono ya fundi inayoweza kukata sekunde vipande thelathini haijui ianzie wapi, nyuma ya kioo cha dirisha wateja wawili wamesimama wanatazama, watazame, anaanza, mama, video, dada, hapana, haijafika, mimi, mimi nilikata, nilitupa maneno yako yote, narudia sasa, halafu lile jingine, gumu zaidi, nilikudanganya, nilisema imefika, nilikudanganya, na neno hilo la kudanganya linamtoka vibaya, hakumbuki ni kidole kipi kinachopita kidevuni, anatumia cha kati, anajua amekosea kwa jinsi mama anavyokunja uso. Tabasamu limeondoka. Mama anatazama skrini nyuma yake, anatazama saa ya ukutani, anamtazama yeye, muda mrefu, kama ile jioni, na yeye safari hii hatazami viatu, anangoja, lolote na lije. Mama anaweka mkoba chini. Anasogea mbele kwenye benchi, anaishika mikono ya mwanawe yote miwili, anakikunja kile kidole cha kati, ananyoosha cha shahada, anakipitisha kidevuni pake mara moja, taratibu, kisha anamwachia. Hivi, anasema. Endelea.